Barua ya wazi kwa wakuu wa kazi: mkituuliza kuhusu mawasiliano, rudini mtuambie tulisema nini

Wakubwa zetu, shikamooni.

Nawaandikia nyie mnaokaa vikao vya juu, wakurugenzi, mameneja, watu wa utumishi, na nyie washauri mnaokodiwa kuja kutupima. Mimi ni mfanyakazi wa kawaida, ila nimeshajaza madodoso ya "hali ya mawasiliano kazini" sehemu tatu tofauti nilizofanya kazi, na sehemu moja kati ya hizo nilipewa na kazi ya kuingiza majibu kwenye kompyuta, kwa hiyo hii kitu nimeiona pande zote mbili, kwa anayejaza na kwa anayehesabu, na nilichokiona huko kwa anayehesabu ndo kimenifanya niandike, maana kimekaa kichwani miaka yote hii.

Fomu zilikuwa mia mbili na ushee, za karatasi, maswali 40 kila moja, majibu unazungushia namba kuanzia 1 mpaka 5. Siku ya kwanza tu nikaanza kuona fomu ambazo mtu kaweka peni kwenye 3 ya swali la kwanza, akashuka nayo mstari mmoja mpaka chini ya ukurasa bila kunyanyua mkono, ukurasa wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Zilikuwa nyingi. Mi kazi yangu ikawa kuandika 3, 3, 3, 3 mpaka vidole vinajiendea vyenyewe. Alafu katikati ya rundo nikakutana na moja ambayo mwenyewe hajazungushia namba hata moja, kaandika pembeni kwa peni nyekundu: "Kwamba nahamishwa kituo nilijua kwa dereva aliyekuja kubeba mizigo yangu."

Nikaisoma mara mbili. Kwenye kompyuta hakukuwa na sehemu ya kuiweka. Nikamuuliza msimamizi, akaniambia hiyo hesabu kama haijajazwa, acha wazi. Nikaacha wazi. Ripoti ilipotoka ikasema hali ya mawasiliano ni ya kuridhisha kwa wastani, namba ikawa 3 na pointi kidogo, watu wakapiga makofi kwenye kikao, na sisi tuliojaza hatukuwahi kuiona hiyo ripoti, mimi niliiona kwa sababu tu nilikuwa nimeingiza data.

Sasa jamani naomba mnielewe, sipingi madodoso. Nayapenda. Mahali penye watu mia tano huwezi kumkalisha kila mtu ukamsikiliza, na kuna mtu hawezi kusema mbele ya bosi ila kwenye karatasi isiyo na jina atasema. Na hii kazi haijaanza jana, ina wasomi wake na ina misingi yake, ndo maana inauma ikifanywa ovyo. Huyo Rensis Likert, mwanasaikolojia wa Marekani, alishatoa mizani yake ya kupima mitazamo, hii ya kuchagua 1 mpaka 5, toka 1932, mwaka 1954 George Odiorne akaandika kuhusu ukaguzi wa mawasiliano, kwamba mawasiliano ya taasisi yanaweza kukaguliwa kama mnavyokagua hesabu, na kuanzia 1971 mpaka 1979 Chama cha Kimataifa cha Mawasiliano, ICA, kikakaa na kutengeneza utaratibu kamili wa ukaguzi chini ya Gerald Goldhaber, dodoso lake lina maswali 122. Mwaka 1977 Cal Downs na Michael Hazen nao wakatoa la kwao la kupima kuridhika na mawasiliano, wakaligawa kwenye maeneo manane, kuna mawasiliano na msimamizi wako, kuna ya wenzako mnaolingana, kuna mrejesho unaopata juu ya kazi yako mwenyewe, kuna taarifa za taasisi kwa ujumla na mengine. Vifaa vipo. Mshauri akija na maswali aliyoyatunga usiku mmoja, muulizeni kayatoa wapi.

Ila kati ya vyote hivyo, kitu ambacho ningeomba mkichukue hata kama mengine yote mtayaacha ni zile safu mbili za ICA. Yaani kila jambo linaulizwa mara mbili. Chukua "jinsi maamuzi yanayogusa kazi yangu yanavyofanyika". Safu ya kwanza, taarifa za jambo hilo napata kiasi gani sasa, kidogo sana mpaka nyingi sana. Safu ya pili, nahitaji kupata kiasi gani. Alafu mnatoa tofauti. Mtu akiweka 2 kwenye napata na 5 kwenye nahitaji, hapo pana shimo la 3, na hilo shimo mnajua liko kwenye jambo gani hasa, kwenye mishahara na stahiki, kwenye kupanda cheo, kwenye jinsi ninavyopimwa, kwenye makosa ambayo taasisi imefanya (ndio, na hilo wameliweka, wafanyakazi tunataka kujua na mambo yaliyoharibika). Mkiuliza "umeridhika na mawasiliano?" hamwezi kupata hicho kitu. Mimi nimewahi kuandika nimeridhika, nikaweka 4, kwa sababu pale nilipotoka kabla hatukuwa tunaambiwa chochote kabisa, kwa hiyo hicho kidogo nilichokuwa napata kilinitosha kwa kulinganisha. Mtu aliyezoea njaa akisema ameshiba huwezi kujua sahani ilikuwa na nini.

Na wana safu nyingine ambayo sisi wa chini ndo inatugusa zaidi, wanauliza unapopeleka taarifa juu zinafanyiwa kazi kiasi gani. Sijawahi kuliona hilo swali kwenye dodoso lolote nililojaza. Yote yanauliza kama ninyi mnatufikia, hakuna linalouliza kama sisi tunawafikia.

Sasa nije kwenye usiri maana hapa ndo penye kidonda. Sehemu ya pili niliyofanya kazi walileta dodoso, juu limeandikwa kwa herufi nene "USIANDIKE JINA LAKO". Chini yake wanauliza idara, kitengo, jinsia, umri, kiwango cha elimu, miaka uliyokaa kazini. Kitengo chetu tulikuwa watu sita. Mwanamke mwenye zaidi ya miaka hamsini alikuwa mmoja tu, mama mmoja ambaye sote tulimheshimu kama mzazi. Yeye akaamini ile herufi nene. Akaandika ukweli kuhusu meneja, kwamba anaweka taarifa mfukoni na kuwapa watu wake watatu tu. Wiki mbili baadae akaitwa ofisini, akatoka uso umebadilika, hakutuambia aliambiwa nini ila alituambia neno moja, "wanangu, msiandike." Na hatukuandika tena. Dodoso lililofuata kitengo kizima tuliweka 4 kote, na najua kwa uhakika kwamba kwenye ripoti ile ilionekana kama kitengo chetu kimeboreka.

Kwa hiyo wakubwa, usiri hauletwi na kutoandika jina. Mkiuliza mambo sita kuhusu mtu mmeshamtaja. Ulizeni yale tu mtakayoyatumia kweli kwenye uchambuzi, kama hamna mpango wa kulinganisha elimu na elimu basi msiulize elimu. Wekeni kiwango kabla hamjaanza, kwamba kundi lenye watu pungufu ya kumi halitatolewa majibu yake peke yake, litaunganishwa na lingine, na hicho kiwango kiandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa dodoso ili tukisome kabla hatujaanza kujaza. Fomu zipokelewe na mtu asiye chini ya meneja wetu. Na kama ni la mtandaoni msitutumie kila mtu linki yake kwenye imeili yake alafu mkatuambia hamjui nani kajibu, maana wiki ya pili mnawatumia kikumbusho wale tu ambao hawajajibu, na sisi tunajiuliza wamejuaje.

Na hapo hapo kwenye linki, kuna wenzetu hawana imeili ya ofisi. Walinzi, madereva, wafanya usafi, watu wa zamu ya usiku, mafundi wanaoshinda nje. Hao ndo wanaopata taarifa kwa kuchelewa kuliko wote, na ndo ambao dodoso haliwafikii. Alafu ripoti inasema waliojibu ni asilimia 80. Asilimia 80 ya nani? Ya waliokuwa na kompyuta mezani. Kama mnapima nani hafikiwi na taarifa kwa kutumia njia ile ile isiyomfikia, mtakuta wote wanafikiwa. Kwao pelekeni karatasi, au mtu akakae nao awasomee maswali, na lugha iwe ile wanayoongea kila siku kazini, sio hii ya "mawasiliano wima na mlalo" (yaani kati ya mkubwa na wa chini yake, na kati ya wanaolingana) ambayo hata mimi ilibidi niulize.

Maswali yenyewe pia, naomba kabla hamjayachapisha mwape watu kumi wa kawaida wayajaze mbele yenu na wawaambie wameelewa nini. Kuna swali moja nililiona sehemu zote tatu, nadhani watu wanaambukizana: "Uongozi hutoa taarifa kwa wakati na kwa uwazi." Nijibu nini hapo? Taarifa ya kupunguza watu tuliipata kwa wakati, miezi miwili kabla, ila nani anaondoka na kwa kigezo gani ilikuwa siri mpaka siku ya mwisho. Kwa wakati, ndio, kwa uwazi, hapana, na mimi nina kiduara kimoja tu cha kuzungushia. Hayo ni maswali mawili, yatenganisheni. Na sio kila sentensi iwe ya kuwasifia, maana mtu akishakubali tano za kwanza anaendelea kukubali tu kwa mazoea, wengine tumelelewa kutomkatalia mkubwa.

Alafu wastani. Naomba sana sana kwenye wastani. Nusu ya watu wakiweka 5 na nusu wakiweka 1, wastani ni 3, mnaambiwa hali ni ya kati. Hali sio ya kati kabisa, kuna nyumba mbili humo ndani, moja inaambiwa kila kitu na nyingine inaishi gizani, na hakuna mtu hata mmoja aliyesema 3. Muombeni mshauri awaonyeshe majibu yalivyotawanyika, wangapi 1, wangapi 2, mpaka mwisho, na awaonyeshe kitengo kwa kitengo pale panaporuhusu usiri. Na akiwaambia dodoso ni zuri kwa sababu kile kipimo cha Cronbach, kile cha 1951, kimetoka juu ya 0.9, mshukuruni alafu mmuulize swali la pili. Hicho kipimo kinaonyesha kwamba majibu ya maswali yanakwenda pamoja, basi. Mtu mmoja akijaza 4 kote bila kusoma na mwingine akajaza 2 kote bila kusoma, kipimo kinapanda vizuri tu. Zile fomu nilizoingiza mimi zingewapa namba ya kupendeza.

Na kuna redio mbao. Nyie mnaiona kama adui, mnatoa matangazo ya kuwakataza watu tetesi, ila redio mbao inasikilizwa sana pale ambapo hakuna taarifa nyingine. Kwenye ukaguzi ule wa ICA matokeo yaliyojirudia mahali pengi ni kwamba wafanyakazi wanapata taarifa nyingi kwa tetesi wakati wao wenyewe wangependa wazipate kwa msimamizi wao wa karibu. Kwa hiyo tuulizeni na vyanzo. Keith Davis mwaka 1953 alitoa njia moja rahisi sana ya kufuatilia hili, anachukua taarifa moja tu ya kweli, mfano kwamba idara fulani inahamia jengo jingine, anauliza kila mtu: ulikuwa unajua? Ulijua sehemu gani ya taarifa? Ulijua lini? Nani alikuambia? Kwa njia gani, kikao, simu, karatasi, mazungumzo? Ukurasa mmoja. Ukikusanya majibu unaiona taarifa inavyotembea, inavyokwama kwa meneja fulani siku nne, inavyoruka ukuta na kupita kwa dereva. Yule wa peni nyekundu alikuwa kajibu maswali hayo yote kwa sentensi moja, alijua nini, lini, kwa nani. Hakuna aliyemuuliza hivyo ndo maana akaandika pembeni.

Ndo maana pia nasema dodoso peke yake halitoshi. Hata hao ICA na maswali yao 122 hawakuishia hapo, waliongeza mahojiano, waliongeza watu kuandika shajara ya mawasiliano yao ya siku kadhaa, na walimwachia mtu nafasi aeleze tukio moja la kweli la mawasiliano yaliyofanikiwa au yaliyoharibika, ni nani, ilikuwaje, ikaishaje. Na zamani zaidi, kule kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric nchini Marekani, kati ya 1928 na 1930 walihoji wafanyakazi zaidi ya 20,000. Walianza na maswali yaliyopangwa, wakakuta mfanyakazi anajibu aliloulizwa kwa adabu alafu anarudi kwenye jambo lake jingine kabisa ambalo halikuwa kwenye orodha. Wakaacha orodha. Wakaamua mtu aongee linalomkaa moyoni, muulizaji asikilize asimkatize. Mazungumzo yaliyokuwa ya nusu saa yakawa ya saa nzima na zaidi. Walikuwa ni wenye kiwanda wakubwa na wakakubali kwamba maswali yao yalikuwa yanawaziba masikio, sasa sisi leo tunashindwa nini kuacha mistari kumi mitupu mwishoni mwa fomu, na kumlipa mtu wa kuisoma? Narudia, wa kuisoma. Maana mistari huwa ipo, msomaji ndo hayupo.

Nimalizie na lile la kichwa cha barua. Mkaguzi wa hesabu akija kwenu mnajua kinachofuata. Anaandika hoja, mnazijibu moja moja kwa maandishi, kila hoja ina mtu wa kuishughulikia na tarehe, na mwaka unaofuata akirudi anaanza na zile za zamani kuuliza zimefikia wapi. Hamuwezi kumwambia asanteni kwa ushirikiano wenu mkaishia hapo. Tunaomba na sisi mtufanyie hivyo. Ndani ya mwezi mmoja toka tumejaza, tuitwe, tuambiwe mliyosema ni haya, hata yale machungu, hili tutalifanya na fulani ndo anasimamia, hili hatuwezi kwa sababu hii, hili hatujalielewa tusaidieni. Hata "hatuwezi" tutaipokea, watu wazima tunajua fedha hazitoshi na sheria zipo. Kinachotuvunja moyo ni kujaza alafu kimya, mwaka, miwili, alafu linakuja jingine lenye maswali yale yale na barua ya kutuhimiza tuwe wakweli. Mtu aliyejaza kwa dhati mara ya kwanza akakuta kimya, mara ya pili anaweka peni kwenye 3 na kushuka nayo. Zile fomu za mstari mmoja nilizokuwa naingiza, naamini wengi wa waliozijaza waliwahi kuandika kwa dhati huko nyuma.

Nimesikia hapa nilipo sasa linakuja jingine mwezi ujao. Naomba kabla hamjaligawa mtubandikie kwenye ubao majibu ya lile lililopita, ukurasa mmoja tu unatosha, na pale penye hoja iliyoshughulikiwa muandike imeshughulikiwa. Mi nitalijaza lote, swali kwa swali, na ile mistari ya mwisho nitaiandika yote kwa peni inayosomeka.

Mfanyakazi wenu.